TAHARIRI: SODA ZA MKUTANO MKUU AU VIJITI VYA KUPIMIA SUKARI?



Kamati ya Ushirika imekaa na imeona hivi: fedha ambazo kila mwaka tunanunulia kreti za soda siku ya Mkutano Mkuu, mwaka huu zinunue vijiti vya kupimia sukari ya damu, vipelekwe zahanati yetu. Mashine ya kupimia ipo. Vijiti ndivyo vinavyoisha. Tangu habari hii itoke kumekuwa na maneno mengi. Wengine wanasema eti soda ni haki ya mwanachama. Wengine wanasema kisukari ni ugonjwa wa wakubwa wa mjini wenye vitambi na magari, sisi watu wa jembe unatuhusu nini. Sisi tunaiunga mkono Kamati moja kwa moja, na sababu zetu tunazitoa hapa hadharani asije mtu akasema hakuelezwa.

Kwanza tuelewane juu ya ugonjwa wenyewe. Tukila ugali, wali, muhogo, ndizi au viazi, chakula hicho kinageuka sukari na kuingia kwenye damu. Sukari hiyo ndiyo nguvu ya kulimia. Lakini haiingii mwilini hivi hivi tu. Kuna kitu kinaitwa insulini, kinatengenezwa na kongosho, kiungo kilichoko nyuma ya tumbo. Tufanye insulini ni karani wa ghala. Mazao yamefika, karani anafungua mlango, magunia yanaingia. Sasa karani asipokuwepo, au akawepo lakini milango imekuwa migumu kufunguka, magunia yatarundikana barabarani na huku ghala ni tupu. Ndiyo maana mgonjwa sukari imemjaa kwenye damu na mwili wake unakonda kwa njaa. Ikizidi sana inamwagika kwenye mkojo, tena haitoki peke yake, inavuta na maji. Basi mtu anaamka usiku mara nne mara tano kukojoa, na kiu haimwishi. Waganga wa kale wa Bara Hindi waliutambua ugonjwa huu kwa kuona sisimizi wanaufuata mkojo.

Dalili nyingine ni kuchoka bila sababu, macho kuona ukungu, ganzi ya miguu, kidonda kisichopona, na kuwashwa sehemu za siri mara kwa mara. Lakini sikilizeni hapa, maana ndipo penye hoja yetu. Kisukari kinachowapata watu wazima wengi kinaweza kukaa mwilini miaka bila dalili hata moja. Mtu analima, anacheza ngoma, anasema mimi mzima. Huku figo, macho na mishipa vinaharibika kidogo kidogo. Huyo hatajulikana kwa kutazamwa usoni. Atajulikana kwa tone la damu kwenye kijiti. Asubuhi kabla ya kula, kipimo kikisoma 7.0 au zaidi, hicho ni kisukari, na asiye na dalili anapimwa tena siku nyingine kuhakikisha. Mwenye dalili akipimwa saa yoyote na kikasoma 11.1 au zaidi, naye ni hivyo hivyo.

Wazee wetu wanakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Watu walikaa vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma vijitabu, halafu wakatoka wakachimba vyoo. Adui alionekana: mbu huyu hapa, maji machafu haya hapa. Kisukari hakina mbu wa kuua wala choo cha kuchimba. Ukimjua mwenye nacho mapema, atatumia dawa na ataishi. Ukimjua kwa kuchelewa, utamjua kwa mguu uliooza.

Na habari ya miguu tuiseme bila haya. Kisukari cha muda mrefu kinaua hisia za unyayo. Mtu anakanyaga mwiba asubuhi, anashinda nao shambani, jioni anashangaa damu. Wengine wakati wa baridi wanaota moto, miguu inaungua na hawasikii. Kwa hiyo mwenye kisukari asitembee pekupeku, asiote moto miguu, na kila jioni aitazame, hata kati ya vidole. Asiyeona vizuri, mjukuu amtazamie. Kidonda kikitokea, hata kidogo kama punje ya mtama, aende zahanati siku ile ile. Asikibandike majani akangoja.

Kuna na kisukari cha watoto na vijana, ambapo karani hayupo kabisa. Huyo bila sindano ya insulini haishi. Zamani walikufa wote. Mtu wa kwanza kudungwa insulini ni kijana wa miaka 14 huko Toronto, Kanada, Januari 1922, na tangu hapo wamepona wengi wasiohesabika. Hapa kijijini tunaye mtoto wa darasa la nne anayejidunga kila siku, na tumesikia minong'ono kwamba amerogwa, na minong'ono mingine mibaya zaidi juu ya sindano zile. Tunasema ikome. Kisukari hakiambukizi. Mtoto aachwe anywe maji, atoke kwenda chooni anapotaka, na ale kwa wakati. Insulini yake haitaki jua wala kuganda, na kwa kuwa nyumbani kwao hakuna friji, muuguzi amewafundisha kuiweka ndani ya chungu kilichozungushiwa mchanga mbichi.

Jambo lingine lilitokea kwenye mizani msimu uliopita. Mwenzetu mmoja anayetumia dawa alisimama foleni tangu alfajiri bila kula. Ilipofika saa sita akaanza kutetemeka, jasho likamtoka, akawa anasema maneno yasiyoeleweka. Watu wakacheka, ati kalewa. Kumbe sukari ilikuwa imeshuka! Ukiona hivyo, kama mtu anaweza kumeza, mpe haraka sukari vijiko vitatu au vinne vya chai kwenye maji, au soda, kisha chakula. Akizimia usimmiminie kitu mdomoni, atapaliwa, mkimbizeni hospitali. Kamati imekubali kwamba wagonjwa wa kisukari watapima mazao yao kwanza. Asinung'unike mtu.

Soda sasa. Chupa ya mililita 350 ina sukari karibu vijiko 9 vya chai. Mnaosema ni haki yenu, hebu vichoteni vijiko hivyo mvitie kwenye kikombe kimoja mtazame. Asali nayo ni sukari, wasidanganyane watu. Ugali haukukatazwa, ila uwe robo ya sahani, maharage au samaki robo, na nusu yote mchicha, kisamvu au matembele. Dona ni bora kuliko sembe. Na kwenda shamba kwa miguu ni dawa vile vile. Siku hizi hata mwendo wa nusu saa tunapanda bodaboda.

Wanaotumia vidonge tunawaomba wasivikate nusu ili vifike mwisho wa mwezi, wala wasiviache kwa sababu wamejisikia nafuu. Nafuu hiyo imeletwa na vidonge. Mwenye mizizi yake na asimame mbele ya muuguzi aitaje. Kuificha ndiko kunakoua.

Hoja italetwa Mkutano Mkuu Jumamosi ipigiwe kura. Ikipita, watakaopimwa mwanzo ni wenye miaka 40 na zaidi, wanene wa tumbo, wenye presha, wenye mzazi au ndugu mwenye kisukari, na kina mama waliopata sukari wakiwa wajawazito au waliojifungua mtoto wa kilo 4 na zaidi. Mabalozi waandike majina. Siku ya kupimwa mtu asile tangu usiku, maji anaruhusiwa. Wale ambao tayari wanatumia dawa ya kisukari wasikae na njaa, wale na kunywa dawa kama kawaida yao, waje na kadi zao.

Katibu wa Tawi,
kwa niaba ya wenzake wa Ubao wa Kijiji