Kituo cha Stima Kiembeni: Kiachwe Wazi au Kifungiwe?

Kiembeni inajaa. Viwanja vilivyokuwa vichaka vimeota ghorofa, na kila ghorofa inataka stima. Stima kubwa inayopitia Rabai haiwezi kuingia majumbani mpaka ipunguzwe nguvu kituoni. Siku upande huu wa Kisauni utakapohitaji kituo kipya, itabidi kuamua: kijengwe cha wazi, chenye nyaya na vyuma vilivyosimama uwanjani, au kile ambacho swichi zake hufungiwa ndani ya mabomba ya chuma yaliyoshindiliwa gesi? Mimi nataka kilichofungiwa, ila gesi iliyozoeleka siitaki.

Kituo cha wazi hutegemea hewa kuzuia stima isiruke kutoka waya mmoja hadi mwingine, kwa hiyo nyaya huachanishwa sana na uwanja hupanuka. Gesi iitwayo SF6 huzuia stima takribani mara mbili na nusu kuliko hewa, na ikishindiliwa huzuia zaidi. Ndiyo maana kituo cha gesi hutosha ndani ya jengo moja.

Watetezi wa kituo cha wazi husema vifaa vyake ni nafuu. Ni kweli. Lakini hesabu yao huanzia kwenye vifaa, na Kisauni hesabu huanzia kwenye ardhi. Tangu Sheria ya Hatimiliki ya mwaka 1908, maelfu ya Wapwani wamekuwa wakiishi juu ya ardhi ambayo karatasi zake ziko kwa wengine. Ukitwaa ekari kadhaa hapa, utavunja nyumba za watu ambao huenda hata fidia wasiipate, kwa kuwa mwenye hati ni mwingine. Gharama hiyo haionekani kwenye bei ya transfoma, ila kuna familia itakayoilipa.

Halafu kuna chumvi. Upepo wa bahari huipaka juu ya vikombe vinavyoshikilia nyaya, na msimu wa kaskazi, mvua ikiadimika, hujikusanya. Mvua kubwa ingeiosha. Umande au manyunyu huilowesha tu, chumvi ikageuka njia ya stima, cheche zikaruka na laini ikakatika. Bamburi, jirani wa Kiembeni, kuna kiwanda cha saruji tangu miaka ya 1950, na vumbi la saruji likishika unyevu juu ya kikombe hugandamana. Vikombe vya wazi hapa vinahitaji kuoshwa mara kwa mara, na kazi hiyo ikicheleweshwa tunalala gizani.

Hoja nzito ya upande wa pili ni ukarabati. Kikombe kikipasuka uwanjani, fundi wetu hukiona kwa macho na kukibadilisha. Bomba la gesi likiharibika ndani, huenda ikabidi kumsubiri mtengenezaji na vipuri kutoka ng'ambo. Unguja inajua maana ya kusubiri: hitilafu ya waya wa baharini huko Fumba, Desemba 2009, iliiacha bila umeme wa gridi kwa karibu miezi mitatu. Kwa hiyo mkataba wowote usiofundisha mafundi wa Pwani na kuweka vipuri hapa nchini haufai kutiwa sahihi.

Na hiyo SF6? Kilo moja yake ikivuja hupasha dunia joto zaidi ya mara 20,000 kuliko kilo ya kaboni dioksidi, tena hukaa angani kwa karne nyingi. Itifaki ya Kyoto ya 1997 iliitaja kati ya gesi za kudhibitiwa. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya 2024 inaanza kuifungia milango kwa hatua: swichi mpya za zaidi ya kilovolti 52 hadi 145 zenye gesi za aina hiyo zitazuiwa kuanzia 2028. Laini zetu za kilovolti 132 zimo humo humo. Tusipoangalia, mitambo isiyotakiwa kwao itauzwa kwetu kwa bei ya kuvutia, na itakaa hapa miaka 40.

Mitambo mbadala ya kiwango hicho ipo tayari: swichi hukata stima ndani ya ombwe, na hewa safi kavu iliyoshindiliwa hushika nafasi ya SF6. Bei yake iko juu kidogo, na mabomba ni makubwa kiasi. Kampuni za umeme, KETRACO na Kenya Power, ziiweke kwenye masharti ya zabuni tangu siku ya kwanza, pamoja na bei ya ardhi na fidia ya wakaaji wasio na hati, ndipo zishindanishe vituo hivyo viwili.