Mzee na Msumeno wa Injini: Tupime Uzito Kabla ya Nguvu
Na Karani wa Ofisi ya Kilimo

Mwezi uliopita mzee mmoja wa skimu yetu alifika ofisini kutaka nimjazie fomu. Nilipompa kalamu atie sahihi, karatasi iliteleza juu ya meza, kwa sababu mkono wake wa kushoto haukuweza kuizuia. Nikaishika mimi, naye akatia sahihi. Ndipo aliponieleza habari ya mkono ule.

Wanawe watatu wanaofanya kazi mjini walichanga fedha wakamnunulia msumeno wa injini, ule ambao wengi wetu huuita pawasoo. Kwa kuwa walitaka kumheshimu baba yao, walichagua mkubwa kuliko yote iliyokuwa dukani. Asubuhi moja mzee aliuinua juu ya mabega ili akate tawi la msaiprasi lililokuwa likiegemea paa la zizi. Mikono ikachoka, ncha ya msumeno ikashuka ikagusa tawi jingine, na mara ile msumeno ukaruka nyuma kwa nguvu. Mkono wa kushoto uliponyoka katika mpini, mnyororo ukampata. Madaktari walimshona vizuri, lakini vidole viwili havikunjiki tena.

Siandiki haya ili kumcheka mtu. Naandika kwa sababu katika skimu zetu wako wazee wengi walio katika hali kama yake. Wale waliopata mashamba katika Mpango wa Ekari Milioni Moja, ulioanza mwaka 1962, wakiwa vijana wenye nguvu, leo ni watu wenye miaka 80 na zaidi. Hata watoto waliofika pale wakibebwa mgongoni sasa wana mvi. Lakini miti haikuzeeka kama wao: imezidi kunenepa. Mikaratusi, misaiprasi na miwati iliyopandwa kukinga upepo sasa inaangusha matawi juu ya nyua na nyaya. Vijana wako mjini. Basi mzee afanye nini?

Wako watu wasemao kwamba mtu akizeeka asiguse kabisa msumeno wa injini. Mimi sikubaliani nao. Mzee aliyekatazwa msumeno hakai kitini akatazama tawi lililolala juu ya ua wake. Atachukua shoka au panga, na kazi ya nusu saa itamchukua siku nzima, nayo ina hatari yake. Tena si vema mtu aliyelifungua shamba kwa mikono yake angojee mwanawe aje Krismasi ndipo apate kuni. Maoni yangu ni haya: mzee na awe na msumeno wake, lakini uwe mwepesi na mfupi, nao uwe na mipaka ya kazi yake. Miti mikubwa waachiwe vijana wenye ujuzi.

Jambo la kwanza ni kuujua uzito wenyewe. Twasema kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na ndivyo ilivyo dukani. Muuzaji kijana huuinua msumeno kwa mkono mmoja akisema, “Tazama, Mzee, ni mwepesi!” Lakini uzito ulioandikwa katika kitabu cha msumeno kwa kawaida ni wa injini peke yake. Haumo ule ulimi mrefu wa chuma unaozungukwa na mnyororo, haumo mnyororo wenyewe, wala petroli na mafuta. Msumeno mdogo ulioandikwa kilo 4 hufika kilo 5 na kidogo ukiwa tayari kwa kazi. Ile mikubwa ya kupasulia magogo huandikwa kilo 6 na nusu, lakini ukitiwa ulimi mrefu na kujazwa mafuta hufika kilo 8 au 9. Hiyo ndiyo aliyonunuliwa mzee wetu.

Kwa hiyo, kabla hujakwenda dukani, fanya jaribio ambalo halina gharama. Chukua mtungi wa plastiki wa lita 5, ujaze maji. Hizo ni kilo 5. Ushike kwa mikono miwili mbele ya kiuno chako, mbali kidogo na tumbo, kama mtu anayekata gogo. Kaa hivyo dakika mbili. Mikono ikiwa imara, msumeno mdogo wa petroli utakufaa. Ikianza kutetemeka, usijidanganye: tafuta ulio mwepesi zaidi wa betri, au mpe kazi mtu mwingine. Maji hayana ubishi. Hayajui kwamba wewe ulikuwa bingwa wa kung'oa visiki mwaka 1964.

Jambo la pili ni urefu wa ulimi. Kwa kuni, kwa matawi na kwa nguzo za ua, ulimi wa inchi 12 au 14 watosha, na injini ya saizi 30 hadi 35, yaani sentimita za ujazo, ina nguvu ya kutosha kuuzungusha. Najua watu husema, “Nikinunua mkubwa, utafanya kazi ndogo na kubwa pia.” Maneno haya ni kweli kwa jembe la trekta, lakini si kweli kwa kitu kinachobebwa na mikono. Ulimi mrefu huvuta mbele, ukauchosha mgongo, na ncha yake iko mbali na macho yako. Na ile ncha ndiyo adui. Sehemu ya juu ya ncha ikigusa mti wakati mnyororo unakimbia, msumeno hurushwa juu na nyuma, kuelekea uso wa mwenye kuushika, kabla hujawahi kufumba jicho. Ulimi mfupi una faida nyingine: unakukataza kazi isiyo yako. Mti ulio mnene kuliko urefu wa ulimi, usiuguse.

Hapa hapana budi nionye juu ya mitego miwili ya dukani. Mzee akiomba msumeno mwepesi kuliko yote, aweza kupewa ule wenye mpini juu ya mgongo wake badala ya nyuma. Ni mdogo na wapendeza, lakini umetengenezwa kwa mafundi wanaopanda mitini wakiwa wamefungwa kamba. Mikono miwili hukaa karibu karibu, na ukiruka ni vigumu kuuzuia. Mkulima anayesimama chini achukue wenye mpini wa nyuma. Mtego wa pili ni vile vimisumeno vidogo vya betri vya mkono mmoja. Kwa kupogolea vitawi vya miparachichi vyafaa, lakini mkono wa pili usio na kazi hupenda kwenda kulishika tawi, na huko ndiko vidole hupotelea.

Sasa, petroli au betri? Wakulima wengi huucheka msumeno wa betri wakidhani ni mchezo wa watoto. Mimi naona kwamba kwa mzee aliye na umeme nyumbani, huo ndio bora. Sababu si uzito, kwani ukiutia betri yake huenda ukakaribia ule mdogo wa petroli. Sababu ni kamba. Msumeno wa petroli huwashwa kwa kuvuta kamba, tena mara nyingine mara tano au sita kukiwa na baridi kama ile ya Kinangop mwezi wa Julai. Bega la mtu wa miaka 70 haliipendi kazi hiyo, na wengi huukosea hapo, wakiuwasha huku unaning'inia hewani. Wa betri unabonyezwa tu. Hauna moshi, kelele zake ni chache, na ukiachilia kidole unasimama.

Lakini tuseme na ubaya wake. Betri ni ghali, nayo huchakaa kwa miaka. Ikiisha nguvu katikati ya kazi utangoja ijae. Basi usinunue mpaka muuzaji akuonyeshe kwamba betri nyingine ya namna ile ile yauzwa peke yake. Na kama huna umeme, au kuni zako ziko mbali bondeni, chukua mdogo wa petroli, lakini uuvute mwenyewe mbele ya muuzaji. Uweke chini, mguu ukanyage mpini wa nyuma, mkono wa kushoto ushike mpini wa mbele, breki ikiwa imefungwa, kisha vuta. Ukishindwa kuuwasha pale dukani, nyumbani hutauweza.

Tazama pia mambo haya kabla ya kutoa fedha. Breki ya mnyororo, ile ngao iliyo mbele ya mkono wa kushoto, isukume mbele uone kama mnyororo unafungwa. Shika mipini uone kama ina mipira au springi za kupunguza mtetemo, kwa maana mtetemo huua damu ya vidole, na vidole vya wazee huganda upesi. Uliza kama mnyororo na vipuri vingine vyapatikana katika mji wako. Na ukiona jina mashuhuri kwa bei ya ajabu, fahamu kwamba jina laweza kubandikwa juu ya kitu chochote.

Ukiisha kuununua, uzito wake utategemea tupa yako. Mnyororo mkali hujivuta wenyewe ndani ya mti na kutoa vipande. Mnyororo butu hutoa unga kama wa mahindi, na mzee hulazimika kuulalia kwa kifua. Hapo msumeno wa kilo 5 huwa kama wa kilo 10. Minyororo mingi midogo hutaka tupa ya milimita 4, lakini soma kitabu chako kwanza. Kwa petroli, misumeno mingi ya siku hizi hutaka mafuta ya injini za namna hiyo mililita 20 kwa kila lita moja. Mingine hutaka 40. Hilo nalo limeandikwa kitabuni. Petroli tupu isiyochanganywa huiua injini. Na kila ujazapo petroli, jaza na mafuta ya mnyororo.

Sasa nitaje mipaka, kwa sababu msumeno mwepesi bila mipaka ni hatari kama mzito. Usikate kitu kilicho juu ya mabega yako. Usipande ngazi nao. Usifanye kazi peke yako. Mjukuu na akae mahali pa kukusikia, lakini mbali na mti. Funika macho na masikio, vaa buti ngumu, na kama waweza, ile suruali yenye nyuzi za kusimamisha mnyororo. Gambuti za kawaida hazizuii kitu. Kata dakika 10 au 15, kisha uzime, upumzike. Mikono iliyochoka ndiyo iliyomponza mzee wetu, wala si ujinga, kwani alikuwa na akili kutuzidi.

Na mti mkubwa ulioinama, au uliolalia waya wa umeme? Huo si wako wala si wa mwanao aliyekuja likizo. Kwa waya, waite watu wa umeme. Kwa mti, mlipe fundi mwenye msumeno mkubwa auangushe na kuukata vipande vifupi; wewe na msumeno wako mdogo mtamaliza kuni pole pole. Malipo ya fundi kwa siku moja ni kidogo kuliko kitanda cha hospitali. Kabla ya kuangusha miti ya kuuza, uliza kwanza ofisi ya misitu iliyo karibu. Tena tukumbuke kanuni za mwaka 2009 zilizotaka angalau asilimia 10 ya shamba iwe na miti. Anayekata na apande.

Nimalize kwa kusema na vijana walio mjini. Zawadi yenu ni njema, lakini muulizeni baba, au mama aliyebaki peke yake shambani, ni kazi gani anataka kuifanya, na mikono yake yaweza nini. Njooni naye dukani. Mwacheni aushike mwenyewe, auwashe mwenyewe, naye akisema ni mzito, msimwambie atauzoea. Heshima haipimwi kwa ukubwa wa injini.

Mzee yule alipokuwa akitoka ofisini nilimwuliza msumeno uko wapi sasa. Akasema, “Karani, uko ghalani. Wanangu hawataki niuuze, maana wataona aibu. Nami sitaki kuwaambia kwamba uliniogopesha tangu siku ya kwanza nilipouinua.” Maneno haya hayajatoka moyoni mwangu mpaka leo. Lau angeyasema siku ile ya kwanza, karatasi isingeteleza mezani.

Basi mkulima mwenzangu, leo jioni jaza mtungi wako wa lita 5. Ushike dakika mbili. Halafu waambie wanao ukweli ulioambiwa na mikono yako.