Ya Kale Si Dhahabu, na Ndiyo Maana Tuyatunze

Kuna hukumu moja ambayo ni nadra kumkuta mtu akiipinga, iwe kwa kinyozi Temeke au barazani Mombasa: muziki ulikuwa wa zamani, huu wa siku hizi ni kelele. Ukigusia majarida ya katuni utajibiwa vivyo hivyo, kwamba zamani watu walichora na kutunga, leo wanarushiana vichekesho kwenye simu. Methali nayo iko karibu: ya kale ni dhahabu. Na mtu anayekusanya santuri au matoleo makuukuu ya jarida la Sani huhesabiwa kuwa shahidi mkuu wa upande huo. Kama si dhahabu, angehangaika ya nini na makaratasi yaliyotafunwa na mende?

Mimi ni mmoja wa hao wanaohangaika, na hukumu hiyo siikubali. Tena naona ndiyo inayoiharibu kazi ya kukusanya. Anayeamini kwamba ya kale ni dhahabu huokota kinachong'aa tu, akakipiga pasi na kukitundika ukutani. Kilichobaki hukitupa, na kilichobaki ndicho kinachotueleza watu wa wakati ule waliishije.

Kwanza tuwatendee haki wapenda zamani, maana hawasemi upuuzi. Bendi ya watu kumi na zaidi ilirekodi kwa pamoja, chumba kimoja, na aliyekosea aliwarudisha wote mwanzo. Magitaa matatu, la solo, la rithim na la besi, yalipeana nafasi bila kukanyagana. Mwimbaji asiyejua kuimba hakuwa na mashine ya kumsitiri. Msikilize Mbaraka Mwinshehe akipiga solo, au gitaa la rithim la Omar Shabani katika Sina Makosa ya Les Wanyika, kisha ujaribu kusema kwamba hakuna kitu pale. Kwa hilo sina ubishi. Ninachokataa ni kutoka kwenye nyimbo chache nzuri na kuruka moja kwa moja hadi kwenye zama nzuri.

Nyimbo tunazopigiwa leo kwenye vipindi vya zilipendwa zimechujwa mara nyingi. Mwenye studio alichagua, mtangazaji akachagua, kisha wasikilizaji wakachagua kwa miaka arobaini ya salamu na maombi. Tunashika mchele uliokwisha pepetwa, tunaulinganisha na gunia la leo lenye chuya na mawe, halafu tunatangaza kwamba wakulima wa zamani walikuwa hodari zaidi. Nenda Kenyatta Market, Nairobi, kwenye kibanda cha santuri, uchukue boksi moja na kusikiliza kila kilichomo bila kuchagua majina. Utakutana na cha-cha-cha za kuiga, na waigaji wa Mmarekani Jim Reeves. Utakutana na bendi zilizochukua mtindo wa Kongo zikabadilisha maneno tu, na nyimbo za kumsifu mfadhili ambaye hakuna anayemkumbuka. Huo ndio muziki wa zamani kama ulivyonunuliwa na wenyewe. Mwingi ni wa kawaida, na mwingine ni mbaya.

Hoja yao ya pili ni maadili: eti zamani waliimba nasaha, leo wanaimba matusi. Basi tuanze na mwanzo wenyewe. Mwaka 1928 Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, Unguja, alisafiri na wenzake hadi Bombay kurekodi santuri za kampuni ya HMV, na santuri hizo zikasambaa pwani nzima. Miongoni mwa nyimbo zake mashuhuri ni Kijiti. Unahusu mwanamke mgeni aliyeuawa Unguja usiku wa ngoma: mtuhumiwa alitoroka akavuka bahari, na wanawake waliotoa ushahidi ndio walioishia kifungoni. Wimbo huo ni habari ya mauaji, pombe na haki iliyopinda, ukauzwa madukani na watu wakaucheza. Siti hakuwa akipamba zama zake. Alikuwa akizishtaki.

Na kama wazee wa leo wanadhani wao wenyewe walilelewa katika utulivu wa heshima, wakumbuke mwaka 1969. Tarehe 1 Januari mwaka huo Umoja wa Vijana wa TANU, chama tawala cha wakati huo, ulianza Operesheni Vijana, vita dhidi ya sketi fupi, suruali za kubana, mawigi na krimu za kujichubua. Novemba ya mwaka huo huo muziki wa soul ukapigwa marufuku Dar es Salaam. Sababu zilizotolewa zingeweza kuchapishwa asubuhi hii bila kubadilishwa: muziki wa kigeni, unapotosha vijana, si utamaduni wetu. Wasichana waliokuwa wakifukuzwa barabarani kwa ajili ya sketi zao ndio bibi zetu wanaotuambia kwamba zamani kulikuwa na heshima.

Hoja ya tatu ina ladha zaidi. Inasema kwamba wa zamani walitunga kwa subira, sanaa ikaongoza, ilhali wa leo wanatunga kwa amri ya mashine na soko. Hapa ndipo santuri yenyewe inapofaa kuliko mjadala. Chukua moja ya inchi 7, ile ya mizunguko 45 kwa dakika, yenye tundu kubwa katikati. Kwenye lebo ya karatasi utasoma jina la wimbo, bendi, mtunzi, na pembeni kwa herufi ndogo: Sehemu ya 1. Igeuze: Sehemu ya 2. Upande mmoja ulibeba dakika nne au tano hivi, na bendi zilizoea kuukokota wimbo mmoja ukumbini hadi wachezaji watosheke. Studioni wimbo ukakatwa. Upande wa kwanza ukapewa kisa na waimbaji, na mara nyingi sauti inafifia pale pale magitaa yanapoanza kuchangamka. Ili upate sebene, yaani sehemu hiyo ya magitaa, ilibidi uinuke kitini, uinue sindano, uigeuze santuri na kuanza upya. Mtindo tunaousifu leo kama subira ya mabingwa, maneno ya taratibu kwanza na moto baadaye, ulitoka ukumbini, lakini kisu kilichouchonga kilikuwa cha kiwanda.

Kabla ya hapo mambo yalikuwa magumu zaidi. Santuri za mizunguko 78 za kina Siti zilibeba kama dakika tatu kila upande. Taarabu iliyokuwa ikikesha ikalazimika kujikunja ienee humo. Kijana anayetunga wimbo wa dakika mbili na nusu kwa sababu ndivyo unavyopita kwenye TikTok anafanya kile kile: anaipima sanaa yake kwa chombo kinachoibeba. Tunaweza kumlaumu kwa mengine, lakini tusimlaumu kwa hilo halafu tukamsamehe babu yake.

Kuhusu soko, dhahabu hiyo haikuwafikia walioichimba. Tanzania bendi nyingi kubwa zilikuwa mali ya taasisi: NUTA Jazz ya chama cha wafanyakazi, Urafiki Jazz ya kiwanda cha nguo, UDA Jazz ya shirika la usafiri, Bima Lee ya shirika la bima, na za polisi na jeshi juu yake. Mwanamuziki alikuwa mwajiriwa mwenye mshahara, na vyombo vilikuwa vya mwajiri. Mpangilio huo ulilea muziki mwingi mzuri, tusiukane. Lakini pia ulizaa nyimbo nyingi za Azimio la Arusha, za kilimo, za vita vya Kagera. Nyingi zilirekodiwa Radio Tanzania kwa magitaa yale yale na sauti zile zile. Vipindi vya zilipendwa vimezisahau vikabaki na mapenzi. Anayesikiliza redio leo anaweza kudhani kwamba miaka ya 1970 watu walikuwa wakiachana na kurudiana tu.

Santuri nyingi za bendi hizo zilichapwa Nairobi. Mtanzania akigeuza santuri ya bendi ya nyumbani anasoma kwenye lebo kwamba imetengenezwa Kenya. Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikivunjika, Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya, na haukufunguliwa hadi 1983. Mistari miwili mitatu ya lebo inakuonyesha kilichokatika hapo: njia ya wimbo kutoka kwa aliyeutunga hadi kwa aliyeununua. Mbaraka Mwinshehe mwenyewe alifia Kenya, kwa ajali ya gari, Januari 1979, na zile santuri kubwa za Ukumbusho zilizotolewa baada ya kifo chake zinatoka huko huko. Nayo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania, ya kumlinda mtunzi kama huyo, ilikuja 1999, wakati wengi wa watunzi hao wamezeeka au wametangulia.

Upande wa majarida ya katuni hadithi ni hiyo hiyo, ila karatasi imeumia zaidi. Santuri iliyochakaa ilitupwa uvunguni. Jarida lililosomwa lilifungiwa karanga. Yaliyobaki yamebaki kwa bahati, na bahati haichagui kilicho bora. Anayetafuta dhahabu hapa hutafuta majalada, hasa ya African Film, lile jarida la picha za kupigwa ambamo Lance Spearman, mpelelezi mweusi mwenye kofia, tai ya kipepeo na ndevu za kidevuni, aliwakung'uta wahalifu kila wiki. Vijana wa Nairobi, Dar es Salaam na Lagos walimpenda, na wanaomkumbuka humtaja kama fahari ya Mwafrika aliyejitawala. Sawa. Lakini jarida lilikuwa la Drum Publications, kampuni ya Jim Bailey, Mzungu wa Afrika Kusini, na lilizaliwa wakati ubaguzi wa rangi umepamba moto kule. Shujaa wa uhuru wetu alitoka nchi isiyokuwa na uhuru. Ukimtundika ukutani kama dhahabu, jambo hilo linabaki nyuma ya fremu.

Au fungua Sani, iliyoanza mwishoni mwa miaka ya 1970. Hotuba za wakati huo zilikuwa za kujenga taifa. Lakini wahusika waliopendwa na wasomaji walikuwa Ndumilakuwili na Lodi Lofa na mtundu Madenge, watu wa vituko, wajanja wa mjini, wenye njaa na maneno mengi. Kabla yao Chakubanga wa Christian Gregory alikuwa akiwachekesha watu ndani ya Uhuru, gazeti la chama chenyewe. Kenya, Juha Kalulu wa Edward Gitau alizubaa kwenye kurasa za Taifa Leo kwa miongo kadhaa bila kumfundisha mtu adabu yoyote. Wasomaji walilipia vituko hivyo kwa pesa yao. Tukiwataka wahusika hao wawe mashahidi wa zama za nidhamu, watatuangusha mahakamani.

Nasikia swali: kama si dhahabu, basi ya nini kuyatunza? Na kama nyimbo zote zimo kwenye intaneti, santuri ya nini?

Nianze na hili la pili. Intaneti imetunza sauti, ikapoteza mambo mengine. Sehemu ya 1 na Sehemu ya 2 zimeunganishwa, kwa hiyo husikii tena mahali palipokatwa wala hujiulizi kwa nini. Jina la mtunzi limeachwa. Nyimbo za Simba Wanyika hupandishwa kwa jina la Les Wanyika, za Les Wanyika zikapewa wengine, na kila anayenakili ananakili kosa. Mwenye lebo mkononi ndiye anayeweza kumaliza ubishi huo, na familia ya mtunzi inaweza kuwa inasubiri umalizike.

Swali la kwanza linajijibu humo humo. Dhahabu hufungiwa kabatini ingoje bei. Ushahidi husomwa, na ushahidi hauna haja ya kuwa mzuri. Mkusanyaji wa dhahabu hununua wimbo mmoja adimu kwa bei ya kutisha, akaliacha boksi zima la kwaya na nyimbo za kilimo liende jalalani. Mkusanyaji wa ushahidi hutunza pande zote mbili, hata kama ule wa pili unachosha. Hutunza bahasha ya karatasi yenye mhuri wa duka. Hutunza toleo lililokosa jalada, pamoja na matangazo ya sabuni na barua za wasomaji zenye S.L.P. zao. Anaponakili sauti hupiga picha ya lebo pia, akaandika santuri aliipata mji gani. Na kama mpiga gitaa yu hai, humfuata na kumuuliza nani alikuwa kwenye besi siku ile, kabla hajaanza kusifu.

Faida ya namna hii ya kutunza humfikia zaidi kijana, yule yule tunayemchapa kwa zilipendwa. Ukimwambia kwamba muziki ulikwisha mwaka 1985, umemwambia kwamba amechelewa kuzaliwa, na hana la kufanya ila kununa. Mwonyeshe badala yake jinsi kazi ya wanamuziki wa zamani ilivyokuwa: vyombo si vyao, mpaka umefungwa, wazee wanawaita wapotofu, mtindo nusu yake wa kuazima, na kiwanda kinawapa dakika tano tu upande. Humo ndimo ilimotoka Sina Makosa, na humo ndimo zilimotoka mamia ya nyimbo za kawaida zilizowafunza namna ya kuifikia. Hapo kijana ana cha kujifunza, kwa sababu hali yake haiko mbali sana na yao.