"Tabia Haina Dawa" na Madai Mengine Yanayowaumiza Wagonjwa

Njombe na Makambako wapo watu wazima tunaowaita wakorofi kumbe wanaumwa. Hisia zao hupanda na kushuka ndani ya saa chache. Hofu ya kuachwa haiwapi usingizi. Wakizidiwa, wengine hujidhuru. Wataalamu huita hali hiyo tatizo la haiba la bodalaini. Sisi tunaita tabia mbaya, kisha tunatoa hukumu kwamba hawa hawaponi. Hukumu hiyo haina ukweli, na ninaijibu dai kwa dai.

Dai la 1: "Tabia haina dawa."

Mwaka 1992, Mary Zanarini na wenzake wa Hospitali ya McLean, Massachusetts, walianza kuwafuatilia wagonjwa 290 waliokuwa wamelazwa, wakiwahoji upya kila baada ya miaka miwili. Ilipotimia miaka 10, asilimia 93 walikuwa wameshapitisha angalau miaka miwili mfululizo bila dalili za kutosha kuitwa wagonjwa. Ni kweli wale ni Wamarekani na wengi walipata tiba. Lakini pia walikuwa wale waliozidiwa mpaka wakalazwa. Kama hao walipata nafuu, kwa nini tumkatie tamaa jirani yetu?

Dai la 2: "Samaki mkunje angali mbichi, huyu ameshakauka."

Wagonjwa wale walianza kufuatiliwa wakiwa na miaka 18 hadi 35. Nafuu yao waliipata wakiwa watu wazima. Naye Marsha Linehan, mwanasaikolojia wa Marekani aliyebuni tiba ya mazungumzo inayotumika sana kwa tatizo hili, mwaka 2011 alirudi katika hospitali moja ya mji wa Hartford na kusema hadharani kwamba alilazwa humo akiwa na miaka 17, akijidhuru. Aliyewahi kuonekana ameshindikana ndiye aliyewapa wenzake njia.

Dai la 3: "Akishatulia, amepona."

Hili husemwa na wenye huruma, ila nalo linaumiza. Chukua mfano wa mama lishe wa Makambako ambaye hajajidhuru kwa miaka mitano. Mumewe ni dereva wa lori, amelala Tunduma, na simu yake imeisha chaji. Anapiga mara thelathini. Zamani angevunja vyombo. Leo anasugua sufuria zilizokwisha takata hadi saa nane usiku. Alfajiri mume anapiga, sauti nzito ya usingizi, na hakuna aliyeachwa. Lakini mama hana nguvu ya kuwasha jiko, na wateja wa supu wamekwenda kwa jirani.

Huo ndio umbali kati ya kutulia na kupona. Katika utafiti wa Zanarini, ni nusu tu waliofikia, ndani ya miaka 10, kutulia pamoja na kuwa na kazi na uhusiano mzuri na watu. Dalili zilirudi kwa asilimia 36 ya waliotulia miaka miwili, lakini kwa asilimia 10 tu ya waliotulia miaka minane. Maana yake, kila mwaka wa utulivu unaimarisha unaofuata, na mtu huyu anahitaji kushikwa mkono hata baada ya kelele kwisha.

Dai la 4: "Anatafuta kiki tu."

Baridi ya Njombe inatuvalisha masweta, na makovu hubaki ndani ya mikono mirefu. Mtafuta kiki gani huficha? Miaka 24 baada ya utafiti ule kuanza, karibu wagonjwa 6 kati ya 100 walikuwa wamejiua. Anayesema amechoka kuishi asikilizwe siku hiyohiyo, asiachwe peke yake. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania bado kinalifanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, na hofu ya polisi huzifanya familia zinyamaze. Nchini Kenya, Mahakama Kuu ilitamka Januari 2025 kwamba kifungu kama hicho kinakiuka Katiba. Nasi tunapaswa kukitazama upya kifungu chetu.

Dai la 5: "Dawa yake ni Mirembe au kwa mganga."

Hospitali ya Mirembe ya Dodoma imehudumia wagonjwa wa akili tangu 1927, lakini wengi wenye tatizo hili hawahitaji kulazwa muda mrefu. Hakuna kidonge kilichoidhinishwa mahususi kwa ajili yake. Dawa husaidia sonona au wasiwasi unaoandamana nalo. Msingi wa tiba ni mazungumzo ya mara kwa mara na kujifunza kuvumilia saa ngumu bila kujidhuru. Anza na hospitali iliyo karibu, uliza mhudumu wa afya ya akili, na urudi kila unapopangiwa. Kumwita mtu mwenye mapepo kunampotezea miaka ambayo angekuwa anapona.

Huku kwetu mtu hupanda misonobari akijua ataingojea miaka mingi, na hakuna anayeing'oa kwa sababu mwaka wa tatu haijatoa mbao. Subira hiyo tunayo tayari. Tumpe na ndugu yetu.