Rimoti ya LUKU Si Pambo la Ukutani

Makamanda, kuna kifaa kimoja kinaning'inia ukutani kwenye nyumba nyingi zenye umeme nchi hii, kimejaa vumbi, na tunakikumbuka siku umeme unapokata tu. Nazungumzia rimoti ya LUKU. Tunaingiza tarakimu 20, tunaona uniti zimeingia, tunaondoka. Mpaka siku ya giza.

Hoja yangu leo ni fupi: kile kioo kidogo ndiyo risiti pekee ya umeme ambayo mwananchi wa kawaida anaiona kila siku, na kinatuambia nusu tu ya habari. Kinasema uniti. Hakisemi shilingi, hakisemi makato, na kwa mpangaji wa chumba kimoja hakisemi nani kala nini. Kwa hiyo tuna kazi mbili. Ya kwanza ni kujifunza kukisoma hivyo hivyo kilivyo. Ya pili ni kudai kiseme yote.

Naandika nikiwa mwanafunzi wa sheria ninayepanga Mbeya, na Mbeya ya Juni na Julai mnaijua. Huku joto la nyumbani si anasa. Maji ya kuoga yanapashwa, uji wa mtoto unapashwa, bibi anawekewa maji ya kunawa. Njombe, Makete, Lushoto, Arusha, hadithi ni hiyo hiyo. Na kwenye matumizi ya nyumbani, vitu vinavyokula umeme zaidi ni vile vinavyotengeneza joto. Taa ya LED ya wati 9 ikiwaka saa kumi haifikishi hata sehemu ya kumi ya uniti. Tusidanganyane kwamba tutaokoa hela kwa kuzima taa ya choo huku hita ya bafuni ikinguruma.

Kwanza tujue bei

Bei ninazotumia hapa ni zile EWURA ilizozipanga kuanzia Aprili 2016. Mteja mdogo wa nyumbani, kundi la D1, analipa shilingi 100 kwa uniti mpaka uniti 75 kwa mwezi. Akizidi hapo, kila uniti ya ziada ni shilingi 350. Mteja wa T1 analipa shilingi 292 kwa kila uniti, tangu ya kwanza. Juu yake unaongeza VAT asilimia 18, REA asilimia 3 na EWURA asilimia 1. Jumla asilimia 22.

Kwa hiyo mfukoni mwako uniti ya D1 ni shilingi 122. Uniti ya T1 ni kama shilingi 356. Ukinunua umeme wa 10,000 ukiwa T1 unapata uniti 28 na ushee. Kama siku hiyo kodi ya jengo ya 1,500 imekatwa, zinabaki 8,500, na uniti zinashuka kuwa kama 23.9. Sasa rimoti itakuonyesha 23.9, na wewe utaapa kwamba mita inakimbia. Mita haikukimbia. Pesa iliishia njiani kabla haijawa umeme, na habari hiyo iko kwenye ile meseji ya tokeni ambayo wengi tunaifuta tukishamaliza kuingiza namba. Msiifute.

Jinsi ya kuisoma

Andika uniti zilizobaki saa kumi na mbili jioni. Andika tena kesho yake saa hiyo hiyo. Toa. Hayo ndiyo matumizi ya nyumba kwa siku moja, na ukizidisha kwa 30 unajua mwezi wako kabla haujafika. Fanya hivyo wiki moja tu. Wahenga walishasema mali bila daftari hupotea bila habari, na uniti ni mali.

Kupima kifaa kimoja ni rahisi vile vile. Zima vingine vyote, soma rimoti, tumia hicho kimoja, soma tena. Kama mita ipo mahali unapoifikia, tazama taa nyekundu inayopepesa. Pembeni yake pameandikwa idadi ya mipepeso kwa uniti moja. Mita nyingi ni 1000, lakini soma ya kwako. Kwenye mita ya 1000, birika la wati 2,000 linapepesa kama mara 33 kwa dakika. Hita ya bafuni ya wati 5,500 inapepesa kama mara 92 kwa dakika. Huhitaji fundi, unahitaji saa ya simu.

Sasa hesabu yenyewe. Hita hiyo ya wati 5,500 ikiwaka dakika kumi inakula kama uniti 0.92. Kwa mteja wa T1 ni shilingi 327 kwa kuoga mara moja. Watu wanne wakioga hivyo kila siku kwa siku 30, ni uniti 110, karibu shilingi 39,200. Maji ya kuoga peke yake! Na angalia kitu kingine: uniti 110 zimeshavuka 75. Nyumba iliyokuwa D1, hita peke yake inaitoa kwenye bei ya mnyonge.

Ukichemsha birika mbili ukazichanganya na maji ya baridi kwenye ndoo ya lita kumi, unatumia kama theluthi ya uniti, shilingi 120 hivi. Maharage kwenye jiko la koili la wati 1,500 kwa saa mbili ni mpaka uniti tatu, zaidi ya shilingi 1,060. Presha kuka ya umeme yenye kifuniko kinachobana inayaivisha bila kufika uniti moja. Simwambii mtu aache kuoga maji ya moto. Nasema aamue akiwa anajua.

Lakini kujibana peke yake hakutoshi

Hapa ndipo ninapoachana na wale wanaodhani tatizo la gharama ni tabia ya mwananchi tu. Eti tumieni kwa uangalifu. Sawa, tutatumia. Sasa nyumba ya kupanga yenye vyumba sita na LUKU moja, uangalifu wa nani?

Chukua wapangaji sita, kila mmoja anatumia uniti 20 kwa mwezi. Taa, simu, redio, birika mara moja moja. Hao ni watu wa D1 kabisa. Kila mmoja angekuwa na mita yake, angelipa kama shilingi 2,440 kwa mwezi. Lakini mita yao ni moja na inasoma uniti 120, kwa hiyo nyumba inawekwa T1. Uniti 20 zile zile sasa ni kama shilingi 7,125. Karibu mara tatu. Kwa mwaka, kila chumba kinapoteza zaidi ya shilingi 56,000 kwa sababu moja tu: hakina mita yake. Bei ya mnyonge ipo kwenye karatasi, lakini mnyonge anayepanga chumba haifikii, wakati mtu mwenye nyumba yake ndogo na mita yake anaipata.

Na rimoti yenyewe iko wapi? Kwa mwenye nyumba, sebuleni, mlango umefungwa. Mpangaji anaambiwa "mwezi huu elfu nane kila chumba" na hana pa kuhakiki. Aliyesafiri wiki tatu analipa sawa na mwenye friji. Dada wa chumba cha mwisho anasemwa kwamba ndiye anayepasha maji usiku. Majirani wanaacha kusalimiana kwa ajili ya namba ambayo hakuna hata mmoja wao aliyeiona.

Halafu ongeza kodi ya jengo. Sheria ya Fedha ya 2021 iliiingiza kwenye LUKU, makato yakaanza Agosti mwaka huo kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na 2023 ikapanda kuwa 1,500. Kodi ya jengo, kama jina lake linavyosema, ni ya mwenye jengo. Lakini anayenunua tokeni ndiye anayekatwa, na kwenye nyumba za kupanga anayenunua ni mpangaji. Tuliambiwa mpangaji amalizane na mwenye nyumba wake. Niambieni, mpangaji wa chumba cha elfu thelathini, asiye na mkataba wa maandishi, anamalizana vipi na mtu anayeweza kumwambia ahame Jumamosi? Sheria inayomtegemea mnyonge amdai mwenye nguvu shilingi 1,500 kila mwezi imeshajua kwamba hatadai.

Wenzetu wa Uingereza, mema na mabaya

Uingereza wana baridi ya kweli, na nyumba nyingi hupashwa joto kwa gesi. Kule kampuni ikimfungia mteja wa nyumbani mita janja, inatakiwa kumpa na kioo cha kuonyesha matumizi bila kumtoza hapo hapo, na hilo ni sharti la leseni yake, siyo zawadi. Kioo kinaonyesha pesa: leo umetumia pauni ngapi, wiki hii ngapi. Mama anajua saa nne asubuhi kama joto la jana lilikuwa ghali.

Ila tusiige tukiwa tumefumba macho. Mita janja hizo hizo ziliweza kubadilishwa kutoka mbali kuwa za malipo ya kabla, hata kwa watu waliokuwa nyuma ya deni na wenye watoto. Kelele zilipopanda, Februari 2023 mdhibiti wao, Ofgem, aliyataka makampuni yasitishe kuwalazimisha wateja kwenye mita za aina hiyo. Funzo lake kwetu ni kwamba mita inayojua mengi kuhusu nyumba yako inahitaji sheria inayomlinda mwenye nyumba hiyo. Sisi tayari tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Mita janja zikifika mitaani kwetu, swali la kwanza liwe hilo: taarifa za matumizi yangu zinakaa kwa nani, na mimi mwenyewe nazionaje?

Tunachodai

Moja, kioo cha mita kionyeshe shilingi pamoja na uniti, na kionyeshe mteja yuko kundi gani la bei. Mtu akikaribia uniti 75 aonywe kabla hajavuka.

Mbili, kila kaya iweze kupata mita yake, hata kama kaya hiyo ni chumba kimoja. Mpaka hapo, nyumba ya LUKU moja yenye kaya sita ihesabiwe kama kaya sita kwenye bei.

Tatu, kodi ya jengo itoke kwenye tokeni ya mpangaji, ikamtafute mwenye jengo.

Nne, elimu. Wasituambie wananchi hawaelewi teknolojia. Mwaka 2024 nchi nzima iliingiza tarakimu za kuboresha mita kabla ya tarehe 24 Novemba, bibi zetu wakiwemo, kwa sababu tangazo lilipita kila redio. Tangazo la namna hiyo hiyo lifundishe kusoma rimoti.

Serikali hii hii ina mkakati wa nishati safi ya kupikia wa 2024 hadi 2034, unaotaka asilimia 80 ya Watanzania waifikie. Tuna Bwawa la Julius Nyerere la megawati 2,115. Vizuri, hatubishi. Lakini huwezi kumwambia mama aache mkaa, kisha akipika kwa umeme akavuka uniti 75 umpandishie bei zaidi ya mara tatu. Atarudi kwenye mkaa, na atakuwa amepiga hesabu sahihi.

Ibara ya 18 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kupewa taarifa kuhusu mambo muhimu kwa maisha yake. Sidhani kama kuna taarifa muhimu kwa maisha ya geto kuliko hela ya umeme inavyoisha. EWURA wakiitisha taftishi ya bei, ukumbi huwa wazi kwa yeyote. Makamanda, tuingie na madaftari yetu ya uniti, siku 30, nyumba kwa nyumba, mtaa kwa mtaa. Anza leo saa kumi na mbili jioni. Kama rimoti iko kwa mwenye nyumba, gonga mlango kwa adabu, uombe kuiona.