Kambi nayo inakula: koperative inaweza kuuzisha kwa jeshi, lakini si kwa kila mlango



Askari anakula kila siku. Mvua inyeshe, bei ianguke sokoni, yeye anakula. Tufanye hesabu ndogo: kikosi cha watu 800, kila mtu gramu 100 za maharagwe kwa siku, ni kilo 80. Kwa mwezi ni kilo 2.400, ndiyo magunia 48 ya kilo 50. Hapo hatujahesabu unga, mawese, kabichi wala mayai. Na bado kwetu mashariki ya Congo, vyakula vingi vya makambi makubwa vinatoka mbali, vinapita kwa kamiyo ao kwa ndege, mashamba yetu yakiangalia tu.

Kwa maoni yangu, koperative zinapaswa kuingia katika soko hii. Tatizo ni vile wengi wanaanza. Ofisa mmoja anakuja na jipu, anapakia magunia kumi, anaacha kipande cha karatasi na namba ya simu. Huyo si mnunuzi, ni mtu anayekopa. Siku akihamishwa, deni linahama naye. Kuuzisha kwa jeshi maana yake ni kuuzisha kwa biro inayonunua kwa ajili ya jeshi: komande iliyoandikwa, muhuri, na makuta yanayopita benki. Kama hivyo vitatu haviko, afazali kupeleka maharagwe sokoni.

Biro zenyewe ni za namna mbalimbali. Leta inafuata sheria ya masoko ya umma namba 10/010 ya tarehe 27 Aprili 2010, inayotaka tangazo na mashindano ya bei. Upande wa MONUSCO, chakula cha vikosi kinanunuliwa kwa kontra kubwa inayotayarishwa na biro za ONU kule New York, na ni kampuni kubwa inayopewa kazi ya kulisha. Koperative ya memba 60 haiwezi kushindania kontra ile, na asiwadanganye mtu. Mlango wetu ni kwa yule mwenye kontra, anapohitaji mboga mbichi, matunda na mayai, ao kwa mufanyabiashara wa mjini anayemuletea. Wengine wanaona ni haya kuwa wa tatu katika mustari. Mimi sioni haya. Bei inapungua kidogo, ni kweli, lakini unajifunza kazi bila kubeba mzigo wa kontra nzima.

Wanaotaka kujaribu wenyewe wanaweza kujiandikisha kwa intaneti katika UNGM, soko ambamo biro za ONU zinatafuta wauzaji. Kujiandikisha ni bure. Anayewaomba franga za kupitisha dosie ni mwizi, hata kama amevaa kofia ya bluu.

Juu ya karatasi nitasema kwa ufupi. Tangu 2012 Congo iko ndani ya OHADA, na sheria yake ya koperative inaomba watu 5 kwa koperative ndogo, 15 kwa ile yenye baraza la uongozi. Mukiwa mumeandikishwa, tafuteni namba ya kodi na akaunti ya benki kwa jina la koperative. Si kwa jina la prezida! Mnunuzi wa kweli hatatuma makuta kwa simu ya mtu mmoja.

Mahali tunaangukia zaidi ni kwa mali yenyewe. Mnunuzi mkubwa haangalii gunia la juu peke yake, anachoma magunia na kutoa mbegu za katikati. Kwa mahindi, kipimo kinachoombwa mara nyingi katika eneo letu ni unyevu usiopita 13,5 kwa mia. Kama hamuna mashine ya kupimia, chukueni chupa kavu, tieni mahindi na chumvi kavu, tikiseni. Chumvi ikishikamana na kioo, mahindi bado ni mabichi, yarudi juani. Ikiwa haikushikamana, hapo tu njo munaweza kuanza kuongea bei, na mashine ya mnunuzi itasema neno la mwisho, kwa sababu chupa haioni tofauti ya 13 na 14. Mahindi yaliyoanikwa chini kwa udongo yanaleta kuvu yenye sumu, na kamiyo nzima inaweza kurudishwa kwa gharama yenu.

Halafu kuna jambo la kungojea. Biro za ONU kwa kawaida zinalipa siku 30 baada ya kupokea mali na fakitire. Siku 30 kwa mama mwenye mtoto wa kulipia masomo ni nyingi sana. Kati ya 2008 na 2013, PAM ilijaribu kununua kwa wakulima wadogo katika nchi 20, na huku kwetu Kabalo ilikuwemo. Katika nchi nyingi, vikundi vilishindwa kuleta tani zilizoahidiwa kwa sababu memba waliuzisha pembeni kwa mwenye makuta mkononi. Siwalaumu hao memba. Koperative isiyo na kese ya kuwapa hata nusu ya bei siku ya kupima haiko tayari kwa soko hii, hata kama karatasi zote ziko safi.

Tena kambi inahama. MONUSCO ilimaliza kazi yake katika Sud-Kivu Juni 2024. Kwa hiyo ningesema: musiahidi kambi zaidi ya theluthi moja ya mavuno.

Na kuna hatari ambayo haiandikwi kwa kontra. Kule ambako makundi ya silaha yanazunguka, anayepeleka chakula kwa upande mmoja anaweza kuhesabiwa kuwa wa upande ule. Ombeni mali ichukuliwe kwenye depo ya mjini, si mlangoni mwa kambi. Kama mnunuzi anakatala, neno hilo lirudi kwenye mkutano mkuu, si kwa komite peke yake, na wamama waulizwe kwanza, kwa sababu wao njo wanapita na mizigo kwenye vizuizi.