Ng'ang'a Mmoja, Wanafunzi Watatu

Katika kitabu cha kuandikishia wanafunzi, kile kinene cha jalada gumu kinacholala kabatini kwa mwalimu mkuu, jina limeandikwa kwa kalamu ya wino: Ng'ang'a. Mwalimu aliyelichapa kwenye NEMIS, mfumo wa wizara wa rekodi za wanafunzi, alibonyeza ritifaa iliyosimama wima. Aliyelichapa kwenye tovuti ya Baraza la Mitihani (KNEC) alilinakili kutoka kwa barua, na ritifaa ikaja imejipinda kama mkia wa nge. Karani wa vyeti vya kuzaliwa hakutaka taabu, akaandika Nganga. Mtoto ni mmoja, yuko darasani sasa hivi anachonga penseli. Kwenye kompyuta ni watu watatu.

Tunaanza na ritifaa kwa sababu Wizara ya Elimu inaiaga NEMIS, mfumo uliozinduliwa mwaka 2017, na kuhamia KEMIS, unaokusudiwa kumfuata mwanafunzi kuanzia chekechea hadi chuo. Hatutaililia NEMIS. Kila mwalimu aliyewahi kuandikisha Kidato cha Kwanza anazo hadithi zake za kukesha saiba saa nane za usiku, bando likimwishia, kwa sababu mchana mfumo ulikuwa umelala. Ugomvi wetu ni kwamba wizara inataka kazi mbili zifanywe kwa mpigo mmoja: kuhamisha rekodi na kuwanasa wanafunzi hewa.

Wanafunzi hewa wapo. Ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Serikali, Nancy Gathungu, zimeonyesha mara kwa mara shule zikipokea pesa kwa idadi iliyotiwa chumvi, na wanaozila wanastahili kufikishwa kortini. Lakini kompyuta haina macho ya kuona dawati. Inachoona ni rekodi mbili zisizooana. Mwanafunzi aliyebuniwa na mwalimu mkuu mwenye tamaa, na mwanafunzi halisi ambaye jina lake lilikosewa na karani mwenye usingizi, huonekana sawa kabisa: mstari mwekundu wenye maneno "haikupatikana".

Na makosa yenyewe hayahitaji mtu mzembe. Orodha ya wanafunzi ikipakuliwa kutoka mfumo mmoja na kufunguliwa kwenye jedwali la kompyuta, nambari ya simu ya mzazi inayoanza na 07 hupoteza sifuri yake, kwa kuwa mashine hudhani ni hesabu. Mtoto aliyezaliwa tarehe 3 mwezi wa 7 hugeuka kuwa wa tarehe 7 Machi ikiwa kompyuta imepangwa kusoma tarehe kwa mtindo wa Marekani. Wa tarehe 25 husalimika, maana hakuna mwezi wa 25. Kwa hiyo zaidi ya nusu ya orodha huonekana sawa na hakuna anayeshtuka. Kuna watoto waliopewa Januari 1 kuwa siku yao ya kuzaliwa kwa sababu hakuna aliyeikumbuka, na wawili kati yao wakiitwa jina moja katika kata moja, mfumo huwaunganisha wakawa mmoja. Kuna majina matatu yaliyopangwa mengine mbele mengine nyuma. Kuna Fatma na Fatuma. Kuna aliyehama kutoka Kitale kwenda Likoni, shule ya kwanza haikumwachilia kwenye mfumo, na ya pili ikamwandikisha upya ili asome. Huyo wa Likoni ndiye atakayeitwa hewa, ingawa ndiye anayejibu "nipo" rejista ikiitwa.

Mtoto mmoja wa Kenya leo ana nambari ya shule, nambari ya utambulisho (UPI) ya NEMIS, nambari ya tathmini ya KNEC na nambari ya cheti cha kuzaliwa. Kuzioanisha nne hizi ndiyo kazi yote ya kuhama. Kununua kompyuta na kuzindua nembo ni mambo ya alasiri moja.

Rekodi ikikwama, pesa hukwama. Kwa kiwango kilichowekwa, mwanafunzi wa sekondari ya kutwa hutengewa Sh22,244 kwa mwaka, wa sekondari msingi Sh15,042, na wa shule ya msingi Sh1,420. (Kiwango kilichowekwa, tunasisitiza; pesa zinazofika ni hadithi nyingine.) Sekondari ndogo ya kijijini ikiwa na wanafunzi 12 walioangukia mstari mwekundu, imekosa Sh266,928. Hiyo ni chaki, umeme na mshahara wa mlinzi. Mwaka 2025 wizara ilipozuia pesa za shule hadi idadi ya wanafunzi ithibitishwe, waliolala njaa hawakuwa wanafunzi hewa, kwani hao hawali. Ni wauzaji wa maharagwe na wapishi waliodai shule zisizo na kitu.

Los Angeles, Marekani, walikwisha kuonja uhamisho wa aina hii. Agosti 2014 wilaya ya shule za jiji hilo, yenye wanafunzi wapatao 650,000, ilifungua mwaka kwa mfumo mpya ulioitwa MiSiS. Msingi wake ulichukuliwa kutoka Fresno, wilaya ndogo mara kadhaa kuliko Los Angeles. Maonyo kwamba haujaiva yalitolewa, yakapuuzwa. Katika shule ya upili ya Jefferson, wanafunzi walikaa ukumbini wiki kadhaa wakisubiri kuambiwa darasa la kwenda, na wengine walipangiwa masomo waliyokuwa wameshayafaulu. Waliokuwa mwaka wa mwisho waliona alama zao zimevurugika wakati wa kuomba nafasi za vyuo. Oktoba, jaji George Hernandez aliiamuru serikali ya jimbo la California iingilie kati. Bodi ya shule ikatenga dola milioni 1.1 kuirekebisha Jefferson peke yake. Mkurugenzi mkuu John Deasy akajiuzulu mwezi huohuo, ingawa yeye alikuwa na makaa mengine mkononi. Gharama ya mfumo mzima hatimaye ilipita dola milioni 100.

Kinachouma ni asili yake. MiSiS ilitokana na kesi iliyofunguliwa mwaka 1993 kwa niaba ya mwanafunzi mwenye mahitaji maalum, ambaye rekodi za msaada aliokuwa akipewa hazikumfuata alipopanda shule ya upili. Mfumo uliobuniwa ili mtoto asipotee tena ulianza kwa kupoteza maelfu. Na Los Angeles hawakuwa wakimwinda mtu yeyote. Walikuwa wanahama tu.

Basi wizara ichukue kazi moja kwanza. Ihamishe kila rekodi ilivyo, pamoja na makosa yake, na NEMIS iachwe ikiendelea kusomeka kando ya KEMIS kwa angalau muhula mzima. Kila shule ipewe orodha yake iliyochapishwa: hawa walikuwa 412 kule, huku wamefika 397, hawa 15 ndio hawajaonekana. Mwalimu wa darasa anaweza kuwatambua wote 15 kabla chai ya saa nne haijapoa. Hakuna programu inayoweza kufanya hivyo kwa uhakika, hata iuzwe bei gani. Majina yakishakaa sawa, wakaguzi waende shuleni kuhesabu vichwa, na atakayekutwa na watoto wasiokuwepo ashtakiwe yeye binafsi. Hadi hapo pesa ziendelee kutumwa kwa idadi ya mwisho iliyokubaliwa, na zilizozidi zikatwe baadaye. Serikali inajua kukata; hilo halihitaji mafunzo.

Uhamisho huo usifanyike Januari. Januari ni mwezi wa wazazi kupanga foleni na magodoro kichwani, wa Gredi ya 10 kuripoti, wa barua za kubadilisha shule. Likizo ya Agosti ipo. Na mwalimu anayetwishwa kazi hii ya kompyuta apunguziwe vipindi na alipiwe bando, badala ya kuambiwa kwenye kikundi cha WhatsApp saa tatu usiku kwamba mwisho ni kesho.

Kuna watoto ambao hata mwalimu wa darasa hawezi kuwasaidia. Hawa ni wale wasio na cheti cha kuzaliwa: yatima wanaolelewa na nyanya zao, watoto wa wafugaji kaskazini, waliozaliwa nyumbani mbali na ofisi ya msajili. NEMIS ilidai nambari ya cheti ndipo imtambue mtoto, na shule zikabaki zikiwasomesha kwa mgao wa wenzao. KEMIS ikirithi sharti hilo, itakuwa imerithi dhambi iliyo kubwa kuliko zote za mtangulizi wake. Mfumo umpokee mtoto kwa nambari ya muda siku anayoripoti, kisha msajili wa vyeti amtafute mtoto shuleni. Shule zinajulikana ziliko. Kijiji cha nyanya wa mtu hakimo kwenye ramani.

Halafu kuna mizigo ya kuacha nyuma: rekodi za zamani zisizohitajika tena. Desemba 2024 wezi wa mtandao waliingia kwenye mifumo ya PowerSchool, kampuni inayotunza rekodi za shule nyingi Amerika Kaskazini, kwa nywila iliyoibwa. Bodi ya shule za Toronto ilijikuta ikiwaarifu watu waliosoma tangu 1985, wenye mvi sasa, kwamba taarifa zao ni miongoni mwa zilizofikiwa. Hakuna aliyeketi akaamua kuziweka miaka 39 ndani ya mfumo ulio hewani. Zilibebwa tu kila walipohama, kama sanduku ambalo hakuna anayekumbuka lina nini.

Sheria yetu ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi kabla ya taarifa za mtoto kutumiwa, na Septemba 2023 shule moja ya Uthiru ilitozwa Sh4.55 milioni kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini hiyo. Kama picha zina bei hiyo, wizara ituambie itakavyolinda magonjwa, dini, simu za wazazi na alama za mamilioni ya watoto, nani atakuwa na nywila, na ni data ipi ya NEMIS haitavuka ng'ambo. Hatujaona waraka unaosema hayo.

Tukiusubiri, tunawaomba walimu wakuu jambo dogo. Kile kitabu cha jalada gumu kisipelekwe stoo. Siku orodha ya kwanza ya KEMIS itakapofika, ndicho kitakachofunguliwa mezani, kidole kikishuka mstari baada ya mstari hadi kwenye Ng'ang'a.